Mashati Yaliyotangulia Jibu

Kabla hujadarizi cheo cha mtu kifuani mwake, muulize kwanza kama cheo hicho keshakipata. Nalitanguliza hili kwa sababu nyie vijana mnaojifunza kushona mna pupa. Mteja hajamaliza kusema "nataka", mkasi wenu umeshafika katikati ya kitambaa.

Mimi ni Zaina, mzaliwa wa Ujiji niliyezeekea Durban. Cherehani nimeiacha kwa sababu macho yamegoma, si kwa sababu nimechoka kusema. Duka langu lilikuwa Greyville, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, kati ya bucha na duka la simu. Siku za mbio sikuhitaji redio kujua nani kashinda. Aliyeshinda aliingia kupima suti. Aliyeshindwa aliingia kuuliza kama ile suti aliyoichukua wiki iliyopita naweza kuinunua tena mimi mwenyewe.

Msidhani nilianza na suti. Nilianzia kiwandani, Mobeni, nikashona kola. Kola tu, asubuhi hadi jioni, mpaka nikawa naota kola. Msimamizi alikuwa anapita na kusema kazi nzuri, nami sikujua nzuri kwa lipi, maana shati zima sikuwahi kuliona. Siku moja nikamwona kijana kituo cha taxi amevaa shati letu, kola imesimama vizuri shingoni, nikamfuata mpaka akaanza kukimbia.

Aliyenifundisha kumvisha mtu mzima ni Uncle Sunny, fundi Mhindi aliyekuwa na duka Greyville kabla yangu. Alikuwa mkali, mchoyo wa chai, na hakuna aliyemshinda kwa mabega. Alinifundisha mengi ambayo leo mashine inayafanya bila kufundishwa, lakini mawili hakuna mashine itakayoyaweza.

La kwanza ni hili. Mteja mbishi hasemeshwi akiwa huru. Mvishe kwanza koti lenye pini, umbane kwapani na mgongoni, ndipo umwambie kwamba kitambaa chake kimechuja au kwamba tumbo lake limeongezeka. Mtu mwenye pini mwilini husikiliza mpaka mwisho.

La pili linahusu kitambaa kisichotosha. Mteja amekuja na picha ya gauni, kitambaa alichobeba hakifiki. Kuna fundi atakayekikunja, akipime tena, afikiri, kisha aseme gauni hili halitoki hapa, ila blauzi itatoka, na itakukaa kuliko hilo gauni. Kuna fundi mwingine ana mtindo uliomdodea, na kila anayeingia anaelekezwa hukohuko. Maneno yao wote wawili ni matamu. Ukitaka kuwatofautisha waulize, kwa nini mimi? Wa kwanza atakushika mabega na kukuonesha. Wa pili atakuambia rangi ni nzuri.

Sasa mnajua yote niliyoyajua mimi siku Papa Furaha alipoingia dukani na marobota ya vitenge.

Papa Furaha alikuwa Mkongo wa Bukavu. Huko kwao alikuwa na duka la dawa lenye kengele mlangoni, na alipokuwa akilisimulia ulikuwa unaisikia ile kengele. Vita ikalila duka, ikamla na mkewe. Akafika Durban na binti yake mmoja, Furaha, na kazi aliyoipata ikawa kulinda magari ya watu karibu na ufukwe. Alivaa ile fulana ya kung'aa ya walinzi, na chini yake shati la mikono mirefu na tai. Tai hakuivua hata jua la Januari lilipokuwa linachoma.

Jambo jingine la kulijua ni kwamba meno yake ya mbele, ya juu, hayakuwa yake. Ya kwake yalibaki njiani wakati wa kukimbia, na haya ya bandia alitengenezewa na mtu fulani katika kambi fulani, kwa kinywa kikubwa kuliko chake. Kila alipotamka neno lenye sauti ya "s" meno yalipiga mluzi. Na neno alilolipenda kuliko yote duniani lilikuwa "pharmacienne", ndiyo Kifaransa cha mfamasia wa kike, linatamkwa "farmasien", kwa hiyo mluzi ulikuwa haukauki. Wakati wa kula aliyatoa kwa siri chini ya meza, akayafumbata kwenye kiganja cha kushoto, na mkono ule ukabaki ngumi tangu fufu mpaka ndizi ya mwisho. Kanisa zima lilijua. Kanisa zima lilijitia hamnazo.

"Maman Zaina," akaniambia, akitua marobota, "nataka mashati ya wanaume na blauzi za wamama. Furaha anaingia chuo. Pharmacienne." Mluzi.

"Hongera. Jibu limekuja?"

"Jibu litakuja. Lakini tumekwisha kuapa."

Ndipo akanieleza. Kulikuwa na chuo kimoja cha binafsi cha mambo ya afya, kipya kiasi kwamba ukiegemea ukuta rangi inakufuata nyumbani. Mwenye chuo alikuwa ametembea ng'ambo, akarudi na utaratibu aliouona huko, kama wengine wanavyorudi na kofia. Ukiomba mapema, kabla ya wanafunzi wengine, na ukitia saini kwamba ukipata nafasi huendi kwingine kokote, nao watakujibu mapema. Furaha alikuwa ametia saini. Vyuo vingine vyote akaviacha.

"Na wao wameapa nini?" nikauliza.

Papa Furaha akanitazama kwa huruma. Kwao, watu wakikaa chini wakatoa neno, neno limefunga pande zote mbili. Umeona wapi familia ya binti inaapishwa kwamba haitapokea posa nyingine, halafu mwenye kuposa anasema ataangalia?

"Maman Zaina," akasema, "weye pima tu mabega. Mambo ya masomo utuachie."

Nikapima mabega. Mteja akileta kitambaa chake na anajua anachotaka, fundi si kadhi.

Wakongo wana desturi moja ninayoipenda. Wakiwa na shukrani, hawaendi kanisani kila mtu na vazi lake. Wanachagua kitenge kimoja, ndugu, jamaa na marafiki wanashona, na Jumapili hiyo hata asiyemjua mtoto anavaa furaha ya mtoto. Papa Furaha alichagua kijani, rangi ya dawa. Na kifuani, upande wa moyo, alitaka maandishi ya uzi wa dhahabu: PHARMACIENNE FURAHA. Nikamshauri tuandike "Asante Mungu", maneno ambayo hayawezi kubadilika. Akasema Mungu anajua kuwa anashukuriwa, wasiojua ni watu.

Zamani kudarizi kulikuwa kwa mkono, na uzi wa mkono ukikosea unafumua, unapiga pasi ya mvuke, unakwaruza na kucha, matundu yanajifunga. Wakati ule zilikuwa zimeingia mashine za kompyuta. Nikapeleka vifua vyote Mobeni kwa mtu mwenye mashine hiyo, vikarudi vinawaka. Herufi nene, zimeshikiliwa nyuma kwa karatasi ya gundi. Lishike hilo, kwa sababu ndilo lililotukaba baadaye.

Nguo zikakamilika. Mchungaji akatangaza siku, Jumapili ya shukrani ya mtoto wetu anayeingia ufamasia. Kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo tu, nacho ni jibu.

Jibu likaja kwa simu ya duka jirani, maana ndiyo namba Furaha aliyoiacha chuoni. Dada wa duka la simu akagonga ukuta wetu kama kawaida yake, Furaha, aliyekuja na baba yake, akatoka mbio. Baba yake alikuwa dukani kwangu, anakagua mashati, anapapasa herufi moja moja. Furaha alikuwa msichana mrefu, mpole, wa kuongea pale tu anapokuwa na la kusema. Akarudi akasimama mlangoni.

"Wamenichukua," akasema.

Papa Furaha akainua mikono yote miwili. "Nilisema nini?"

"Lakini si kwa ufamasia, Papa. Ufamasia umejaa. Wananipa nafasi ingine. Kutengeneza meno."

"Meno gani?"

"Ya bandia."

Papa Furaha akafunga mdomo. Na ule mkono wa kushoto ukajikunja ngumi wenyewe, bila hata chakula mbele yake.

Niwaambie, nilitamani kucheka na nilitamani kulia, nikaishia kukunja shati. Maana fikirini ninyi. Umeapishwa kwa mwanamume mmoja, umewafukuza wengine wote, umeshona sare, halafu siku ya kujibiwa unaambiwa kaka mtu nyumba yake imejaa, ila ana mdogo wake, kijana mzuri tu, anashinda na meno ya watu mikononi. Na utuambie kabla ya Ijumaa kuisha.

Papa Furaha alipopata sauti, alipata na mpango. Ofa itakataliwa. Jumapili itabaki palepale. Mashati yatavaliwa kama yalivyo. Mwaka mwingine Furaha ataomba ufamasia upya, na hapa katikati bantu ba kanisa hawana haja ya kujua.

"Na mwaka mzima nitajificha wapi?" Furaha akauliza. "Nikikutana na mama mchungaji kwenye taa za robot barabarani saa nne asubuhi, nitasema chuo kimefungwa?"

"Utasoma ku nyumba."

Papa Furaha akaondoka, tai yake imenyooka. Furaha akabaki ameketi kwenye stuli ya wateja, machozi yanamlenga. "Mama Zaina, Papa ananipenda," akasema. "Lakini anaipenda na ile pharmacie yake ya Bukavu. Saa zingine sijui anaangalia nani."

Hapo nilikasirika. Sikumkasirikia yeye wala baba yake. Nilivikasirikia vile vitenge vilivyoning'inia ukutani vinang'aa, vinasubiri mtoto wa watu aishi mwaka mzima kulingana na maandishi. Nguo hushonwa imfuate mtu. Mtu akianza kuifuata nguo, fundi umeharibu dunia.

"Hiyo kozi ya meno wewe unaionaje?" nikamuuliza.

"Siijui. Hatujaulizana. Tumelia tu."

Basi kesho yake tukapanda taxi, mimi na yeye, tukaenda kuuliza. Sikilizeni vizuri hapa hata kama si washonaji. Ukipewa usichokiomba, kuna watu wanakasirika kabla hawajajua wamepewa nini, na kuna watu wanashukuru kabla hawajajua wamepewa nini. Wote wawili wanajuta kwa nafasi zao. Kitu ambacho hukukiomba hukijui, kwa hiyo nenda kakishike.

Mapokezi tulimkuta dada mwenye kucha ndefu na haraka. "Ni ndiyo au hapana, sisi?" akamuuliza Furaha, na "sisi" kwao ni dada.

"Ni maswali," nikajibu mimi. "Kile kiapo bado kinambana?"

Akashangaa. "Kiapo kilikuwa cha ufamasia. Kwa ofa hii yuko huru. Akitaka kuomba vyuo vingine, aombe."

Jamani. Kamba ilikwisha kufunguliwa, sisi tumekaa tu mikono nyuma kama tumefungwa. Nikamuuliza kwa nini hawakutuambia. Akasema hatukuuliza.

"Akichukua meno, mwakani anaweza kuhamia ufamasia?"

"Eish, mama. Wote wanauliza hiyo. Hapana. Hakuna mlango wa ndani. Anayetaka ufamasia anaanza upya kama wengine."

Nikamshukuru kwa ukweli, maana wako watu wangetuambia inshallah na kututia ndani. Kisha nikauliza lile la Uncle Sunny. "Na kwa nini yeye? Mlikuwa na wengi waliokosa ufamasia."

Dada akaangalia kucha zake. "Ni kozi nzuri," akasema.

Huyo ndiye yule fundi wa pili. Rangi ni nzuri. Nikamgeukia Furaha nimwambie twende zetu, haya ni makapi ya mtu mwenye viti vitupu. Nilikuwa nimeshanyanyua mkoba. Lakini Furaha, yule mpole, hakunyanyuka. Akasema, "Kuna mwalimu wa hiyo kozi? Nitamuuliza yeye."

Akaitwa. Mwanamume mwenye kipara, aproni imejaa matone ya nta, miwani ameipandisha juu ya kipara. Furaha akamuuliza swali lile lile. Mwalimu alirudi ndani, akatoka na kipande cha nta kiganjani.

Siku ya usaili waombaji wote, wa kila kozi, walipewa nta na kisu wachonge jino, kupima utulivu wa mkono. Furaha hata hakulikumbuka. "Wenzako walichonga jino la kwenye picha," mwalimu akasema, "jipya, la mtu ambaye hajala kitu. Tazama hili. Limelika upande mmoja. Lina ufa. Hili jino la mtu anayeishi. Kwenye hesabu za ufamasia uliwekwa nyuma ya wengine, sitakuficha. Lakini mimi nilikuomba wewe. Umeliona wapi jino kama hili?"

Furaha akatazama chini. "Nyumbani," akasema. "Kabla hatujakimbia."

Lilikuwa jino la baba yake. Lile la kweli, lililobaki njiani.

Mwalimu akatuonesha karakana. Meza ndefu, juu yake safu za meno yanacheka bila wenyewe. Mimi nilitamani kutoka. Furaha akaomba kushika moja, kisha jingine, kisha akakaa, kisha akapewa kisu. Nikamsubiri mpaka nikamaliza kusoma kila tangazo ukutani, likiwemo la namna ya kunawa mikono, nikarudia kusoma. Nimewaona wasichana wengi wakijaribu gauni mbele ya kioo, na najua uso wa anayejilazimisha. Uso wake haukuwa huo.

Kwenye taxi ya kurudi akasema, "Mama Zaina, ninaitaka."

"Mwambie baba yako."

"Siwezi. Nikianza tu, anavaa fulana yake anaenda kazini."

"Ataenda vipi," nikasema, "akiwa na pini?"

Papa Furaha alikuwa ameniagiza pia koti la kuvaa juu ya shati siku ile ya Jumapili. Nikampelekea salamu kwamba koti linahitaji kupimwa mwilini, aje Alhamisi. Akaja. Nikamvisha, nikamnyoosha mikono kama mtu anayepima upana wa mlango, nikampiga pini kwapani, kiunoni, mgongoni, na moja ya ziada shingoni kwa usalama. Kisha nikakohoa, Furaha akatoka nyuma ya pazia.

"Papa," akasema, "ile ya meno ninaitaka. Sijatia saini. Ninangoja uniambie ndiyo."

Akageuka, pini ikamgonga. "Maman Zaina, toa hizi vitu."

"Kwapa bado, Papa Furaha. Ukishusha mkono koti linaharibika."

Akabaki msalabani. "Mutoto wa pharmacien," akasema, na mluzi ukatoka mkali, "atengeneze meno ya bandia? Bantu watasema nini? Watacheka."

"Wacheke, Papa. Lakini weye hucheki. Tangu tuvuke mpaka sijakuona ukicheka. Unaweka mkono ku kinywa."

Lilikuwa neno ambalo katika nyumba yao halikuwahi kusemwa. Hata mimi nilisimamisha chaki.

"Ninajua sababu ya ile pharmacienne," Furaha akaendelea. Sasa alikuwa analia, lakini hakuacha. "Unataka isikike tena ile kengele. Na mimi ninaikumbuka, nilikuwa ninaifungua mulango makusudi ili ilie. Lakini iliungua, Papa. Mimi siko pharmacie. Niko Furaha."

Papa Furaha akatazama kioo cha dukani kwangu, mikono imenyooka, koti la nusu, chaki begani. Machozi yakamtoka na hakuweza kuyafuta, maana akikunja mkono pini inamchoma. Nikachukua kitambaa cha vumbi la chaki nikamfuta mimi. Akawa mweupe mashavuni, naye akaniacha.

"Walikuchagua sababu gani?" akauliza mwishowe, taratibu.

Furaha akamwambia habari ya jino la nta. Akamwambia ni lipi.

Sikuwahi kuona mtu akisimama vile bila kutikisika, na nimepima maharusi wengi. Alipoongea hakuuliza ada, hakuuliza miaka, hakuuliza chuo. Aliuliza, "Na mashati?"

Basi nikajua tumeshinda. Mtu akibakiwa na swali la mashati tu, nafsi imekwisha kukubali.

"Mashati niachie mimi," nikasema. Ijumaa asubuhi Furaha akatia saini.

Nikabaki na herufi za dhahabu. Nikajaribu kufumua moja. Mnakumbuka ile karatasi ya gundi? Uzi ukatoka na nyama ya kitambaa, likabaki tundu la kupitisha kidole. Uzi wa mashine haufumuliki, wanangu. Anayewaambia anaufumua anataka kuwauzia wembe. Nikafikiria kuweka ua juu yake, likaonekana kama kidonda kilichofungwa. Mwishowe nikatazama mabaki ya kitenge kilichozidi, nikakumbuka fundi wa kweli hupima tena. Nikakata mifuko. Mfuko mpana, kifuani, upande wa moyo, juu ya kila shati na kila blauzi. Chini ya mfuko ufamasia ukalala salama.

Akina mama walinung'unika. Blauzi ya shukrani na mfuko kama wa fundi bomba? Lakini Jumapili ilipofika kila mmoja akagundua matumizi. Sadaka iliingia humo, pipi za watoto, miwani. Papa Furaha akasimama mbele akatangaza kwamba binti yake anaingia chuo kusomea kazi ya meno, na akatamka neno "meno" wazi, mbele ya kanisa lote, akiwa na haya usoni na kichwa juu. Mchungaji akaomba kwa ajili ya vinywa vyote. Kwenye chakula nikamtazama kama kawaida. Akageuka kando, akayatoa, akasita, kisha akayatia mfukoni. Kwa mara ya kwanza nikamwona akila kwa mikono miwili.

Na mji ulivyo, mwezi haujaisha wateja wa fundi mwingine wakaja kuniuliza ule mtindo wa mfuko wa dini ni bei gani. Nikashona mingi. Wengine waliniambia waziwazi kwamba bila mfuko ule nguo ya shukrani haijatimia. Mtindo huzaliwa hivyo, msidanganywe na magazeti.

Furaha alimaliza masomo. Haikuwa rahisi, alilia mwaka wa kwanza, akaungua vidole, na mara moja alikuja kuniuliza kama alikosea, nami nikamwambia sijui, kwa sababu sikujua. Lakini alimaliza.

Muda mfupi baadaye Papa Furaha akaingia dukani na lile shati la kijani mkononi, limefuliwa, limenyooshwa. Akaliweka juu ya meza yangu, akanionesha mfuko.

"Fumua hii, Maman Zaina. Haina kazi tena."

Mfuko nilikuwa nimeushona kwa mkono wangu, na wa mkono unafumulika. Nikakata uzi, nikavuta, ukabanduka. Shati lote lilikuwa limepauka kwa jua na sabuni, lakini pale chini ya mfuko kijani kilikuwa kipya na dhahabu ilikuwa kama siku ilipotoka Mobeni. Papa Furaha akainama akasogeza kidole juu ya herufi. Akalisoma neno lote kwa sauti, polepole, "pharmacienne", na halikupiga mluzi.